Ulitaka Watoto Wangapi, Mama?

Na Karani wa Parokia, Nyasho, Musoma



Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Siku za wiki naandika vyeti, napokea zaka, napanga nia za Misa. Na Jumamosi nawaandikisha watoto wa kubatizwa. Kabla ya kazi hii nilisoma chuo cha ualimu nikafundisha miaka michache, na ile desturi ya mwalimu ya kuuliza maswali haijanitoka. Jumamosi moja desturi hiyo ilinifikisha mahali nisipotazamia.

Alikuja mama mmoja auzaye dagaa sokoni, amembeba mtoto mgongoni. Nikafungua daftari la ubatizo, nikauliza jina la mtoto, siku aliyozaliwa, jina la baba, jina la msimamizi. Kisha nikauliza, "Huyu ni wa ngapi, mama?"

Akajibu, "Wa saba."

Nikamwambia, "Mungu akubariki." Tena, kalamu ikiwa mkononi, nikamwuliza kwa mzaha tu, "Na ulipoolewa ulitaka wangapi?"

Hakucheka. Alimshusha mtoto, akamfunika vizuri kwa kitenge, akasema, "Wanne, Mwalimu. Lakini hapana mtu aliyewahi kuniuliza. Wewe ndiwe wa kwanza." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Usifikiri huyu simtaki. Huyu nampenda, ni damu yangu. Ila mngeniuliza zamani."

Nilimwomba ruhusa niyaandike maneno yake bila kutaja jina, naye akakubali. Basi leo nataka tulizungumze swali lile: mama alitaka watoto wangapi, na amezaa wangapi, na kwa nini hesabu hizo mbili hazilingani.

HESABU YA TAIFA

Pengine msomaji atasema, huyo ni mama mmoja tu. La, si mmoja. Kila baada ya miaka michache Serikali yetu hufanya utafiti mkubwa wa afya ya uzazi na mtoto. Watu hupita nyumba kwa nyumba katika mikoa yote, wakiwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mwanamke mwenye watoto huulizwa hivi: kama ungeweza kurudi wakati ule ulipokuwa huna mtoto hata mmoja, ukachagua mwenyewe idadi ya watoto wa maisha yako yote, ungechagua wangapi? Wengine hutaja idadi. Wengine husema, "Mungu ndiye ajuaye," na jibu hilo nalo huandikwa.

Katika utafiti wa mwaka 2010 ilionekana kwamba mwanamke wa Tanzania, kwa wastani, atazaa watoto 5.4 katika maisha yake. Lakini wakitolewa wale waliozaliwa juu ya idadi aliyoitaka mama, wanabaki 4.7. Katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, waliozaliwa walikuwa 5.2, na waliotakiwa 4.5.

Tazama hesabu hizo vizuri. Kutaka kumepungua, na kuzaa kumepungua, lakini pengo la kati halikupungua: ni 0.7 mara zote mbili. Mtu atacheka na kusema kwamba saba ya kumi ya mtoto si mtoto. Kweli, lakini chukua wanawake kumi wa mtaa wako: ni watoto saba, wenye majina, wanaokula, wanaohitaji sare na madaftari. Tena ni mimba saba ambazo mama zao walikuwa wameshasema moyoni, "Sasa yatosha."

Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba uzazi umeshuka tena, ukafika watoto 4.8. Hata hivyo, katika kila wanawake mia walioolewa, 21 walikuwa wakitaka kupumzika kuzaa au kuacha kabisa, na hawatumii njia yo yote ya kujizuia.

Mjini na shamba si sawa. Mwaka ule wa 2015 na 2016 mwanamke wa mjini alizaa 3.8 kwa wastani, na wa shamba 6.0. Sisi wa Nyasho tuko mjini, lakini miguu yetu iko shamba. Wengi wetu tumetoka Butiama, Bunda, Majita, Tarime au Rorya, na kila Krismasi twarudi huko kuulizwa na wazee, "Mmeongeza?"

Mkoa wetu wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830 katika sensa ya mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka 2022 tulikuwa 2,372,015. Kwa miaka kumi tumeongezeka zaidi ya laki sita. Ziwa halikuongezeka, wala mashamba ya mihogo na mtama hayakuongezeka.

MAMBO YALIVYOKUWA ZAMANI

Wako watu wadhanio kwamba zamani kila mama alizaa bila hesabu. Mimi nilidhani hivyo, hata nilipoanza kuwauliza wazee.

Tuchukue mfano ujulikanao na wote. Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, baba yake Mwalimu, alikuwa na wake wengi. Wanaosimulia historia hutaja wake 22 na watoto 26. Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922 na mke wa tano, Bibi Mgaya. Sasa gawanya watoto 26 kwa wake 22. Ni mtoto mmoja na kitu kwa kila mama. Mji ule ulikuwa mkubwa, lakini si kwa sababu kila mwanamke alizaa mwaka hata mwaka.

Kulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni la huzuni: watoto walikufa, na mama walikufa. La pili ni la hekima: watoto walipishanishwa. Mama aliyenyonyesha hakumkaribia mumewe kwa muda mrefu, na wazee walimwonya kijana asimbemende mtoto. Neno hili kubemenda laeleweka hata leo. Mtoto aliyedhoofika kwa sababu mama amebeba mimba nyingine upesi, watu husema amebemendwa, nao humtazama baba kwa jicho la lawama.

Daktari wa leo hatakubali sababu zote za wazee, lakini katika neno la kupishanisha anakubaliana nao kabisa. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba, baada ya kujifungua mtoto aliye hai, mama apumzike angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine. Mimba zikifuatana mno, mama hukosa damu, mtoto huzaliwa mdogo, na yule aliye mgongoni hunyang'anywa ziwa kabla ya wakati.

Basi desturi ya mitala ilipopungua, na watu walipohamia mjini kuishi mume na mke katika chumba kimoja, ile miiko ya kunyonyesha ilivunjika. Hatukuweka kitu mahali pake. Ndipo likaja lile la mtoto kila mwaka na nusu.

KWA NINI PENGO LIPO?

Nimewauliza kina mama kadhaa, na kina baba pia. Majibu yao nimeyapanga namna hii.

Kwanza, hofu ya kifo. Mama mkongwe mmoja aliniambia alizaa tisa ili abaki na watano. Hakukosea kwa wakati wake. Hata mwaka 1999, katika kila watoto 1000 waliozaliwa nchini mwetu, 147 hawakufika umri wa miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hata 43. Namshukuru Mungu, nawashukuru na waganga na wauguzi kwa chanjo na vyandarua. Lakini hofu haishuki upesi kama hesabu. Wazee waliozika watoto ndio wanaotushauri sisi, nao hushauri kwa hofu yao.

Pili, mtoto wa kiume. Hapa kwetu Mara neno hili ni zito. Ndugu zetu Wakurya wana desturi iitwayo nyumba ntobhu: mwanamke asiyepata mtoto wa kiume, mara nyingi mjane au mtu mzima, hutoa ng'ombe na kumwoa msichana, ili msichana yule azae watoto wa nyumba yake na jina lisipotee. Sitaji desturi hii ili niidharau. Naitaja ili mtu wa mbali aelewe jinsi kukosa mwana wa kiume kunavyomtia mama hofu, hata akatafuta njia ndefu namna hiyo. Na yule aliye na mume, mwenye binti wanne, hufanya nini? Huzaa wa tano akitumaini, na wa sita akitumaini.

Tatu, kuanza mapema. Katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, kati ya wasichana mia wa Mara wenye miaka 15 hadi 19, 37 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Mwaka 2022 walikuwa 31. Kumepungua, lakini bado Mara ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mbele kwa jambo hili, na wastani wa nchi ulikuwa 22. Msichana aanzaye kuzaa na miaka 17 ana miaka karibu thelathini ya kuzaa mbele yake. Hata akitaka wanne, atawamaliza kabla hajatimiza miaka 26. Na baada ya hapo, je? Twashukuru kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2021 msichana aliyejifungua huruhusiwa kurudi shuleni. Wazazi wenzangu, tusimfiche nyumbani. Msichana aliyesoma huchelewa kuolewa, na akiolewa huwa na neno la kusema.

Nne, uvumi na aibu. Mama husikia kisimani kwamba dawa za kliniki humfanya mtu tasa, au kwamba huleta kansa. Badala ya kumwuliza mwuguzi, humwuliza jirani aliyesikia kwa jirani mwingine. Na njia za asili nazo, wengi husema "nahesabu siku," lakini ukiwauliza wanahesabuje, waona wanahesabu siku zisizo zenyewe.

Tano, na hili kwa maoni yangu ndilo kubwa: mume na mke hawazungumzi. Kwa jumla, wanaume wa nchi yetu wakiulizwa hutaja watoto wengi kuliko wanawake. Lakini mama asipomwambia mumewe idadi yake, na baba asipouliza, kila mmoja hukaa na hesabu yake moyoni. Watazungumza bei ya mahindi, watazungumza bati la nyumba, watazungumza harusi ya binamu. Jambo hili lenye kugusa mwili wa mmoja wao na mfuko wa wote wawili, hulizungumza hakuna.

Tusisahau upande wa pili. Wako kina mama waliotaka wanne wakapata mmoja, au hawakupata kabisa. Hao nao pengo lao ni chungu, tena huchekwa. Ninapoandika habari za waliozaa zaidi ya walivyotaka, nawaomba wasomaji wasimtupie jiwe yule ambaye Mungu hajamjalia.

MAMBO YA NCHI ZA MBALI

Ni vizuri kujua kwamba si sisi tu tulio na hesabu mbili. Huko Marekani wako wanawake wa asili ya Amerika ya Kilatini, ambao wazazi wao walitoka Mexico na nchi jirani, wengi wao Wakatoliki wenye sifa ya familia kubwa. Mwaka 2007 walizaa karibu watoto 3 kwa wastani. Kufika mwaka 2020 walikuwa wameshuka chini ya 2. Na Wamarekani kwa jumla wakiulizwa familia njema ni ya watoto wangapi, wengi hutaja wawili au watatu. Yaani kule pengo limegeuka: wengi huzaa pungufu ya walivyotaka. Kodi ya nyumba ni kubwa, wa kumtunza mtoto mama akienda kazini ni wa kulipwa, na kuolewa kumechelewa.

Brazil, nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko zote duniani, mwaka 1960 mama alizaa watoto 6 kwa wastani. Leo hawafiki 2. Serikali ya kule haikuwalazimisha watu. Watu walihamia mijini, wasichana walisoma, na wataalamu wameona kwamba hata michezo ya televisheni, iliyoonyesha familia ndogo kila jioni, iliwabadilisha watu mawazo.

Basi kwetu mama huzaa zaidi ya alivyotaka, kwao mama huzaa pungufu. Kote kuwili mama hakupata alichokichagua. Asije mtu akadhani kwamba dawa ni kuiga watu wa mbali.

VIONGOZI WALISEMA NINI?

Shughuli ya kuwafundisha watu kupanga uzazi si ngeni nchini. Chama kijulikanacho leo kwa jina la UMATI kilianza mwaka 1959, kabla ya Uhuru. Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipokuwa akieleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alikumbusha kwamba katika kuzaa mwanadamu na mnyama wako sawa, bali kulea na kusomesha kwa miaka mingi ni kazi aliyopewa mwanadamu peke yake. Tena Mwalimu mwenyewe, aliyefunga ndoa na Mama Maria hapa Musoma mwaka 1953, alikuwa na watoto wanane. Hakusema kama mtu asiyejua kelele za nyumba yenye watoto.

Wengine walisema tofauti. Mwaka 2018, akiwa mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi wasishike mambo ya uzazi wa mpango, kwamba mtu mwenye bidii ya kulima hashindwi kulisha watoto wake. Maneno hayo yaliwafurahisha wengi. Lakini tazama, viongozi wote wawili walikuwa wakizungumza habari za chakula na malezi ya watoto. Hapana aliyesema kwamba mtoto ni mzigo, wala hapana aliyesema mtu azae asichoweza kulea. Wahenga walikwisha kusema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Na Kanisa je? Wengi hudhani kwamba Kanisa Katoliki lataka watu wazae bila kufikiri. Si hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba uamuzi juu ya idadi ya watoto ni wa mume na mke wenyewe mbele ya Mungu, wakitazama afya yao, hali yao, na mema ya watoto waliokwisha kuzaliwa na watakaozaliwa. Ulisema "wenyewe": si mama mkwe, wala baba mkwe, wala jirani. Mwaka 1968 Papa Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae, alikataza njia za kutengenezwa na mwanadamu, akaruhusu wenye sababu nzuri kufuata siku za asili za mwili. Na mwaka 2015 Papa Fransisko, akiwa ndani ya ndege akitoka Ufilipino, aliwaambia waandishi wa habari kwamba Mkatoliki mwema si lazima azae kama sungura. Siku chache baadaye akazisifu familia kubwa, kwamba watoto wengi si sababu ya umaskini. Maneno yote mawili yafaa kushikwa pamoja.

NJIA ZENYEWE

Sitaki kuwaacha wasomaji na maneno matupu. Katika semina za ndoa za parokia tunafundisha njia za asili, nami nitazitaja kwa ufupi.

Ya kwanza ni kunyonyesha. Maziwa ya mama huzuia mimba kwa nguvu sana, lakini kwa masharti matatu, nayo lazima yawe pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, mama hajaona damu ya mwezi tangu ajifungue, na mtoto ananyonya mchana na usiku, bila uji wala maji. Likivunjika sharti moja, mama asiitegemee njia hiyo tena.

Ya pili ni kuhesabu siku. Hii yamfaa mwanamke ambaye mzunguko wake hauwi mfupi kuliko siku 26 wala mrefu kuliko siku 32. Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya 1. Tangu siku ya 8 mpaka siku ya 19 mume na mke wajizuie. Wengine hutumia ushanga wa rangi ili wasipotee katika hesabu, wakisogeza punje moja kila siku. Mwenye mzunguko usiotulia asiifuate.

Ya tatu ni kuangalia ute wa mwanamke, kama walivyofundisha bwana na bibi Billings, madaktari wa Australia. Ute uvutikao na wenye utelezi ni dalili ya siku za rutuba. Njia hii yataka mafundisho ya mtu anayeijua, na miezi kadhaa ya kujizoeza.

Njia hizi zote zina sharti moja: mume akubali. Mume alewaye akarudi usiku na kudai haki yake hawezi kufuata hesabu ya mtu. Hapo lawama si ya ushanga.

Katika kliniki za Serikali zipo njia nyingine pia: vidonge, sindano, vijiti vya mkononi, kitanzi. Kanisa haliziruhusu, na wasomaji wangu wanajua. Lakini najua pia kwamba wako kina mama wa jumuiya zetu wanaozitumia. Mimi si hakimu wao. Nasema tu, mtu asifanye jambo la mwili wake kwa siri na kwa uvumi. Aende kwa mwuguzi aulize kweli, na aende kwa padre wake azungumze naye. Yule atakayemfukuza kwa matusi, hakufuata mfano wa Bwana wetu.

NYUMBANI KWANGU

Haitakuwa haki niandike habari za nyumba za watu, nikafunga mlango wa yangu.

Mimi na mke wangu tuna binti watatu. Mimi ni mtoto wa sita kati ya tisa, na tangu ujana nilijiwekea moyoni kwamba nitakuwa na watano, wakiwamo wa kiume. Mke wangu sikumwuliza. Niliona haina haja, maana aliponikubali nilidhani amekubali na hesabu yangu pia.

Alipojifungua binti wa tatu alitokwa na damu nyingi sana. Aliongezewa damu, nami usiku kucha nilikaa nje nikisali rozari. Asubuhi akapata nafuu. Mwuguzi akaja akatuuliza kwa upole kama tumepanga habari za uzazi wa mbele. Kabla mke wangu hajafungua kinywa, nikajibu mimi, "Bado wawili." Mke wangu akageukia ukutani.

Nilijiona nimejibu kama mwanamume. Nyumbani mama yangu alikuwa ametoka kijijini, na neno lake la kwanza baada ya kumpokea mtoto lilikuwa, "Mungu atawapa wa kiume." Mke wangu aliitikia, "Amina, mama," kwa sauti ndogo.

Miezi mingi ilipita. Kisha ndipo ikaja Jumamosi ile ya mama muuza dagaa. Nilirudi nyumbani jioni, tukala ugali, watoto wakalala. Nikamwambia mke wangu, "Nataka kukuuliza neno ambalo nilipaswa kukuuliza kabla ya harusi. Wewe ulitaka watoto wangapi?"

Alinitazama kana kwamba nimelewa. Akasema, "Kwa nini waniuliza leo?"

Nikamwambia habari za yule mama. Akakaa kimya, kisha akasema, "Watatu. Nilitaka watatu. Na siku ile hospitali, uliposema bado wawili, nilidhani wasema wawili hao hata kama nitakufa."

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Nimesoma chuo, nimefundisha watoto wa watu kujumlisha na kutoa, lakini hesabu ya nyumbani kwangu nilikuwa siijui. Nilimwomba msamaha. Tukaandika majina yetu katika semina ya njia za asili, naye akaenda kliniki akapimwe damu na kushauriwa, kwa maana mganga alikuwa amesema mimba nyingine ya upesi ingemhatarisha.

Mama yangu nilimwambia mwenyewe, sikumtuma mke wangu. Nilipanda basi mpaka kijijini, nikamweleza habari za ile damu, maana hakuwa amejua jinsi ilivyokuwa. Alilia. Kisha akasema mambo ambayo hakunisimulia tangu nizaliwe: kwamba baada ya mimi kuzaliwa alitaka kupumzika, na kwamba baba alikataa. "Na wale watatu waliokufuata, nawapenda," akasema, "lakini kama ningeulizwa, ningeishia kwako." Bado husali tupate mwana wa kiume, simkatazi. Lakini hamsumbui tena mkwewe.

MANENO YA MWISHO

Sikuandika haya ili niwaambie watu wazae wachache. Mwenye kutaka wanane, akakubaliana na mwenzake, akaweza kuwalea na kuwasomesha, Mungu ambariki. Nitawaandika wote wanane kwa furaha. Mwenye kutaka wawili, kadhalika.

Ninalowaomba ni jambo dogo lisilo na gharama. Wachumba mnaokuja ofisini kuandikisha ndoa, ulizaneni kabla hamjanijia. Waume, waulizeni wake zenu leo jioni, na mkiisha kuuliza, nyamazeni mpate kusikia. Wake, mkiulizwa msiseme "kama upendavyo." Taja idadi yako. Na kina mama wakwe, mkija kumpokea mjukuu, mwulizeni kwanza mzazi kama amepona.

Yule mama wa dagaa alikuja juzi kuchukua kadi ya ubatizo. Mtoto ameota meno mawili. Nilimwuliza kama amepata kuzungumza na mumewe. Akasema, "Nilimwambia, Mwalimu. Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, hao wanne ulitaka wawe kina nani." Akacheka, akafunga mtoto mgongoni, akarudi sokoni kabla dagaa hawajapigwa na jua.